Upepo unavuja kila kiungo cha kompresa: nianzie wapi?

"Shikamoo fundi. Nina karakana ndogo ya useremala nyuma ya nyumba, hapa Morogoro. Natumia kompresa ya HP 2 yenye tangi la lita 50, kwa kupulizia vanishi na kupiga misumari midogo. Shida yangu ni kuvuja. Nikijaza mpaka bar 8 nikaiacha bila kutumia chochote, ndani ya dakika tano geji imeshuka mpaka 6 na mota inawaka tena. Nimezungushia tepu nyeupe kila kiungo, nimekaza mpaka nipeli moja ya shaba (kile kipande kifupi cha kuungia) ikapasuka, bado nasikia inapumua. Kaka yangu aliyeko Marekani alinitumia seti ya kapla (viungo vya kuchomeka na kuchomoa haraka) na nipeli za robo inchi, zinaingia kidogo halafu zinagoma. Mpira nimeufunga kwa kamba ya tyubu ya baiskeli kwa sababu klipu ilikuwa inateleza. Sefti valvu nayo inatoa upepo kidogo, rafiki yangu kanishauri niitoe, tundu nilizibe kwa bolti. Mwingine anasema niachane na mipira nitandaze mabomba ya PVC ukutani. Mwingine ananiambia nishushe presha tu, yataisha. Nimfuate nani, na nianzie wapi?"

Marahaba, kijana wangu. Kabla hatujagusa habari ya tepu na spana, nianze na sefti valvu, maana hiyo haiwezi kusubiri. Usiitoe na usiizibe. Ile ndiyo kinga ya mwisho uliyo nayo. Siku swichi ya presha ikigoma kuzima mota, pampu itaendelea kusukuma upepo ndani ya tangi hadi kitu kiachie, na bila valvu kitakachoachia ni tangi lenyewe, wewe ukiwa umesimama pembeni yake. Kama bolti imeshawekwa, chomoa plagi ya umeme, toa upepo wote kupitia koki ya chini ya tangi, na usiwashe tena mashine mpaka valvu irudi mahali pake.

Sefti valvu inayovuja kidogo wakati presha bado ni ya kawaida, mara nyingi ina chembe ya kutu au uchafu chini ya kizibo chake. Tangi likiwa na upepo, vaa miwani ya kazi, vuta pete yake kwa sekunde moja au mbili kisha iachie. Mara nyingi upepo wenyewe unausukuma uchafu nje na valvu inakaa vizuri. Ikiendelea kuvuja, nunua nyingine ya presha ile ile iliyoandikwa kwenye ya zamani, na isizidi presha ya juu iliyogongwa kwenye kibati cha tangi. Lakini kama inafunguka kwa sababu geji imepita 8 na mota bado inanguruma, valvu haina kosa lolote. Mgonjwa hapo ni swichi, na unazima mashine saa hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kuvuja kwenyewe. Umenipa namba tatu nzuri sana: lita 50, kushuka kutoka bar 8 hadi 6, na dakika tano. Chukua lita za tangi, zidisha kwa bar zilizoshuka, gawanya kwa dakika: 50 mara 2, gawa kwa 5, unapata lita 20 za upepo kila dakika. Kompresa ya HP 2 inaweza kuwa imeandikwa lita 200 kwa dakika ubavuni, lakini hiyo kwa kawaida ni hesabu ya ukubwa wa silinda. Inachotoa kweli ikisukumana na presha ni kama nusu hadi theluthi mbili ya hapo. Tuseme yako inatoa 120. Maana yake moja ya sita ya nguvu ya mashine yako inaishia hewani kabla hujapiga msumari hata mmoja.

Kwa upande wa umeme, mota ya HP 2 ni kama kilowati 1.5. Moja ya sita yake kwa siku ya saa nane ni unit mbili, na kwa LUKU ya kawaida, ambapo shilingi 1,000 hutoa unit zisizofika tatu, unapoteza kama shilingi 700 kwa siku. Si haba, ila si hizo zinazonisumbua zaidi. Mota hiyo inawaka karibu mara kumi kila saa bila sababu. Kila inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishakolea, na joto hilo linakwenda kwenye waya zake na kwenye kapasita ya kuanzia. Tena kompresa hizi ndogo zimetengenezwa kufanya kazi na kupumzika, na yako umeinyang'anya mapumziko yake. Kuvuja huku kukiendelea, utanunua mota kabla hujanunua mpira.

Habari njema ni kwamba kasoro yenyewe ni ndogo. Tundu moja la milimita 1 kwenye presha ya bar 7 hupitisha lita 60 na zaidi kwa dakika. Kwa hiyo ukiyakusanya matundu yako yote yakawa moja, halifiki hata milimita moja. Lipo. Tulitafute kwa utaratibu badala ya kukaza kila kinachokazika.

Jaza tangi mpaka mota izime, chomoa plagi, kisha subiri nusu saa nzima kabla ya kuanza kupima. Wengi wanaruka hatua hii halafu wanafukuza tatizo ambalo halipo. Upepo unaotoka kwenye pampu ni wa moto, na ukipoa presha inashuka hata tangi likiwa halipitishi chochote. Upepo uliokuwa nyuzi 50 ukipoa mpaka 30, geji ya bar 8 inaweza kushuka zaidi ya nusu bar kwa kupoa tu. Kwa mashine inayovuja kama yako, nusu saa itakuwa imeshusha mengi, haidhuru. Andika geji inasoma ngapi wakati huo, kisha uangalie dakika kumi baadaye.

Kipimo cha kwanza kifanye mpira ukiwa umetolewa kabisa na koki ya kutokea kwenye tangi imefungwa. Kama mashine yako haina koki pale, ina regyuleta (ile ya kupunguza presha inayokwenda kwenye kifaa) na kapla tu, usidhani kuifunga regyuleta mpaka mwisho ni sawa na koki. Haikuundwa kwa kazi hiyo, na kapla ile ya mwisho nayo inaweza kuwa ndiyo inayovuja. Kununua koki ya mpini na kuifunga kati ya tangi na regyuleta ni pesa ndogo, na ingekuwa karakana yangu, ningeanza na hiyo: itakusaidia kupima leo, na kila jioni ukimaliza kazi unaifunga, mpira haukai na presha usiku kucha.

Geji ikishuka hata koki ikiwa imefungwa, kosa liko kwenye mashine yenyewe. Hapo sikiliza chini ya swichi ya presha. Mota inapozima, unatakiwa kusikia pumzi fupi, sekunde mbili tatu, kisha kimya. Pumzi hiyo ni ya kawaida: inaachia upepo uliobaki kwenye bomba jembamba linalotoka kwenye pampu, ili mota isianze kazi ikiwa imebeba mzigo. Lakini ikiendelea kupumua pale pale dakika baada ya dakika, usihangaike na swichi. Upepo huo unatoka ndani ya tangi, unarudi kinyumenyume kupitia valvu ya kuzuia kurudi, ile nati kubwa ya shaba ambapo bomba la pampu linaingia kwenye tangi. Toa upepo wote, fungua nati, utakuta kizibo kidogo cha mpira au plastiki na springi. Mara nyingi kimeganda masizi ya mafuta, au kimepigwa alama na punje ya kutu. Kukisafisha kwa kitambaa kunatosha; kikiwa kimechakaa, kinauzwa peke yake.

Geji isiposhuka, fungua koki, unganisha mpira bila kifaa mwishoni, pima tena dakika kumi. Kisha weka bunduki ya misumari, pima tena. Hatua itakayoanza kushusha geji ndiyo imekuonyesha sehemu ya kushughulikia.

Baada ya hapo ndipo inakuja sabuni. Kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kikombe cha maji, upake kwa brashi ya rangi ya zamani, polepole, ukizunguka kiungo chote hadi upande wa chini usioonekana. Mvujo mdogo hautoi mapovu makubwa. Unatoa utando mweupe wa vipovu vidogo unaokua taratibu mahali pamoja, kwa hiyo kaa pale, hesabu hadi thelathini kabla hujahamia kingine. Mvujo mkubwa unafanya kinyume: unapuliza sabuni ikaondoka, ukaona pakavu ukadhani pazima. Huo utausikia kwa sikio. Usipake sabuni kwenye swichi ya presha wala karibu na waya, na usiutafute mvujo kwa kidole. Upepo wa presha ukiingia chini ya ngozi ni jambo la hospitali, hata kidonda kikiwa kama tundu la sindano.

Ukishakiona kiungo kinachovuja, jiulize swali moja kabla ya kushika spana: hiki kinaziba wapi? Ninavyosoma barua yako, hapa ndipo ulipopotea, na hauko peke yako. Ulikuwa unatibu viungo vyote kwa dawa moja, tepu na nguvu, wakati kila aina ya kiungo ina mahali pake pa kuziba na kwingine kote ni mapambo.

Kuna viungo vinavyoziba kwenye thredi zenyewe. Hivi thredi yake ya nje ni nyembamba ncha na inanenepa kuelekea nyuma, milimita moja kwa kila milimita 16. Wewe ni seremala, unaijua kabari: ukiipiga kwa kiasi inabana, ukizidisha inapasua ubao. Nipeli yako ya shaba ilipasuka kwa sababu hiyo hiyo. Na hata ikibanwa vizuri, chuma kwa chuma hubakiza njia nyembamba inayozunguka kufuata thredi mpaka nje. Kazi ya tepu ni kujaza njia hiyo na kulainisha ili kabari iingie vya kutosha. Haifanyi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo ondoa tepu yote ya zamani, sugua thredi kwa brashi ya waya mpaka zing'ae. Ncha ya thredi ikikutazama, zungusha tepu kwa mwelekeo wa mishale ya saa, mizunguko mitatu au minne ukiivuta ikaze, ukiacha thredi ya kwanza wazi. Ile thredi wazi ina maana: tepu ikifika ncha kabisa, kipande hukatika kikasafiri na upepo hadi kwenye valvu ya bunduki yako ya misumari, ukaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Kaza kwa mkono mpaka ifike mwisho wa mkono, kisha kwa spana mzunguko mmoja na nusu, usivuke miwili. Shika kiungo cha pili kwa spana nyingine ili usisokote regyuleta. Na kama elbo yako imepita kidogo pale ulipotaka ielekee, usiirudishe nyuma. Ukirudisha umeshaifungua ile njia. Toa, safisha, weka tepu mpya. Wapo wanaopenda gundi ya maji ya thredi, na mimi naiona bora mahali pasipofunguliwa mara kwa mara na penye mtetemo, kama kwenye tangi. Lakini inataka thredi zisizo na mafuta na saa kadhaa za kukauka kabla ya presha, na haifai kwenye viungo vya plastiki.

Aina ya pili ina thredi iliyonyooka, haina wembamba wala unene. Hii haizibi kwenye thredi hata kidogo. Inaziba usoni, kwa washa au oringi inayobanwa kati ya nati na ukuta. Ukiona mahali hapo panavuja, hata ukizungusha tepu mizunguko ishirini upepo utapita tu, na unene wa tepu unaweza kuizuia washa isifike usoni. Badilisha washa, futa uso wake, kaza kwa kiasi. Alama zilizogongwa kwenye kifaa zinakusaidia kutofautisha: G ni thredi iliyonyooka, R na Rc ni ile ya kabari, R ya nje na Rc ya ndani.

Na alama ya NPT, thredi ya kabari ya Kimarekani, ndiyo ya zawadi ya kaka yako. Kosa si lake, na si lako. Robo inchi ya Marekani na robo inchi inayouzwa huku kwetu hazifanani. Zetu zimefuata mfumo wa Uingereza, wenye pembe ya digrii 55 ambayo Joseph Whitworth aliipendekeza mwaka 1841. Wamarekani walifuata digrii 60, pembe aliyoipendekeza William Sellers mwaka 1864. Kwenye robo inchi, yetu ina thredi 19 kwa inchi moja na yao 18, na yao ni nene kidogo. Ndiyo maana inaingia mizunguko miwili au mitatu kwa utulivu, kisha inagoma: kila mzunguko thredi zinapishana kidogo zaidi. Ukilazimisha unaharibu thredi ya tangi au ya regyuleta, na hapo ndipo gharama ndogo inageuka kubwa. Nusu inchi ni hatari zaidi kwa namna nyingine, kwa sababu mifumo yote miwili ina thredi 14 kwa inchi. Inaingia vizuri mpaka mwisho, unaona imekubali, kumbe pembe hazilingani na itavuja daima. Vifaa vya kaka vitumie vyenyewe kwa vyenyewe, au nunua adapta yenye NPT upande mmoja na BSP, yaani thredi yetu ya Kiingereza, upande wa pili. Usivichanganye moja kwa moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa kapla. Zinazojaa kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani nyingi ni za umbo la Kijapani zinazotengenezwa China, zenye herufi mbili na namba. S ni jike na P ni dume. Herufi ya pili inaeleza upande wa nyuma: M thredi ya nje, F thredi ya ndani, H ya kuchomeka mpira, P ya kubana mpira kwa nati. Namba 20 ni robo inchi, 30 ni tatu ya nane, 40 ni nusu inchi. Dume la umbo la Kimarekani lina kichwa tofauti. Linaweza kuingia kwenye jike la Kijapani, likakubali kushika kidogo, huku mpira wa ndani haulikumbati sawasawa. Chagua umbo moja kwa karakana nzima, hata kama itabidi uweke kando seti nzuri uliyopewa. Kwa Morogoro ningechagua la Kijapani, kwa sababu siku likiharibika utalipata kesho asubuhi.

Kapla haikazwi ili iache kuvuja, na tepu haina pa kukaa. Iangalie hivi: ikivuja dume likiwa ndani na kunyamaza dume likitoka, mpira wa ndani wa jike umechoka, au shingo ya dume imelika. Pitisha ukucha kwenye shingo ya dume. Ukihisi mfereji, litupe, maana litakula mpira wa kila jike utakalonunua. Ikivuja dume likiwa nje, kizibo cha ndani kina uchafu. Sukuma kizibo kwa kitu butu, upepo upulize kidogo, uso wako ukiwa pembeni. Tone moja la mafuta mepesi linarudisha uhai wa mpira uliokauka, ila kwa mpira wa kupulizia vanishi usitie mafuta, yatatoka kwenye kazi yako kama vidoa. Na uhamishe bunduki mkononi badala ya kuiburuta kwa mpira. Vumbi la mbao linaloingia kwenye kapla iliyolala sakafuni ndilo linaloua kapla nyingi za maseremala.

Kamba ya tyubu ya baiskeli iondoe leo. Mpira wa milimita 8 kwa ndani ukiwa na bar 8 unasukumwa utoke kwenye nipeli kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, bila kukoma, tena unatikiswa kila bunduki inapopiga. Kamba inavutika, siku moja mpira unachomoka na ncha ya shaba inaruka usawa wa macho. Klipu yako ilikuwa inateleza kwa sababu moja kati ya mbili: mpira ni mpana kuliko nipeli, au ncha ya mpira imeshalegea. Kata sentimita tatu za mwisho kwa kisu kikali, mkato uwe mnyoofu. Chovya ncha kwenye maji ya moto, sukuma mpaka mpira ufike kwenye bega la nipeli na meno yote yafunikwe. Kisha funga klipu juu ya meno hayo, siyo mbele wala nyuma yake. Ikiwa mpira unaingia kwa kuteleza bila kusukuma, saizi si yenyewe, na klipu mbili hazitaifanya iwe yenyewe. Ukiukunja mpira ukaona nyufa ndogo juu yake, usikate ncha, badilisha wote. Kwa kazi yako mpira wa raba ndio ninaoupendekeza: ni mzito kidogo, lakini unalala chini na haukakamai haraka kama ule wa plastiki wa bei ya chini.

Kuhusu PVC, namwomba rafiki yako asikushawishi tena. Najua mantiki yake: bomba limeandikwa PN 10 au PN 16, yaani bar 10 au 16, wewe unatumia 8, kwa nini lisifae? Namba ile ni ya maji, kwenye ubaridi wa nyuzi 20. Maji hayabanwi, kwa hiyo bomba la maji likipasuka presha inakufa papo hapo. Upepo uliobanwa umehifadhi nguvu, na bomba likiachia nguvu yote inatoka kwa mkupuo. PVC nayo haichaniki, inavunjika vipande vyenye makali vinavyoruka. Joto la ukuta wa bati na mafuta yanayotoka kwenye pampu vinaidhoofisha polepole bila kuonyesha dalili. Mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 1988. Ukitaka bomba la ukutani, tumia la chuma la galvanaizi au la shaba. Lakini kwa karakana ya nyuma ya nyumba sioni haja: mpira mmoja mzuri wa mita kumi una viungo viwili tu.

Aliyekwambia ushushe presha ana ukweli wa sehemu. Kutoka bar 8 hadi 6 mvujo unapungua kwa kiasi cha moja ya tano, kwa kuwa tundu lile lile linasukumwa na presha ndogo zaidi. Bunduki nyingi za misumari midogo hufanya kazi kati ya bar 4 na 7, hivyo kuweka regyuleta pale kifaa kinapotaka, na si zaidi, ni tabia njema. Ila nne ya tano iliyobaki bado inavuja.

Ukiniuliza utumie pesa wapi kwanza, ningefuata mpangilio huu: sefti valvu kama ile haikupona, mpira na klipu zake, koki ya mpini, kisha jozi mpya za kapla za umbo moja. Usinunue kompresa nyingine kabla ya hapo. Usitafute ukimya wa asilimia mia pia. Ukishuka kutoka lita 20 kwa dakika hadi moja au mbili, mashine imepumzika vya kutosha, endelea na useremala wako.

Yako mambo ambayo si ya kufanya peke yako nyumbani. Ukipaka sabuni ukaona mapovu kwenye mwili wa tangi au kwenye mshono wa weldi, safari ya tangi hilo imeisha. Usilipige weldi, usilibandike gundi ya chuma. Kutu inayotoboa tundu moja la sindano imeshakula eneo kubwa kwa ndani, na maji yanayobaki chini ya tangi ndiyo chanzo. Fungua koki ya chini kila jioni yatoke. Thredi za tangi zikiwa zimeliwa, swichi ikiwa haizimi mota, au waya zikinuka kuungua, mpelekee fundi wa kompresa aiangalie kwa macho yake. Karakana ikikua ukaajiri vijana, ujue tangi hilo linahesabiwa chombo cha presha. Kwa Tanzania ukaguzi wake uko chini ya OSHA ya hapa kwetu, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Na yeyote akipigwa na upepo wa presha kwenye ngozi iliyochanika au jichoni, aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema haumwi.

Fanya kipimo cha koki iliyofungwa wikiendi hii. Kisha niandikie mambo matatu: geji ilisoma ngapi baada ya nusu saa ya kupoa, ilisoma ngapi dakika kumi baadaye, na kama chini ya swichi kulikuwa kimya au kunapumua. Kwa hayo tutajua kama kazi iliyobaki ni ya valvu ya tangi au ya mpira.